Poka, kindege na mtaji wa dogo wa Mtaa wa Kongo

Nimekuwa kimya wiki mbili, mnisamehe. Kazi za gazeti zimenibana, halafu kuna jambo lilikuwa linanikera na sikujua nilianzie wapi. Leo nalitoa.

Mtaa wa Kongo, pale ninaponunulia soksi, kuna dogo nimemzoea. Jina lake naliacha. Anatandika turubai lake alfajiri, soksi upande huu, boksa upande ule, anakunja jua likizama. Majuzi nimepita nikakuta nafasi yake amekaa mama wa vitenge. Kuuliza, naambiwa dogo mtaji umekata. Laki tatu na nusu, pesa ya kuchukulia mzigo kesho yake, imeisha usiku mmoja kitandani akicheza kindege kwenye simu. Nikamtafuta mpaka nikamkuta Jangwani anabeba maboksi ya watu. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema: "Kaka, mpaka saa saba usiku nilikuwa nimeliwa arobaini tu. Nilikuwa naitafuta hiyo arobaini."

Rudieni kuisoma hiyo sentensi. Arobaini tu. Alikuwa bado ana laki tatu na kumi mkononi, mtaji karibu wote. Angelala pale, asubuhi angechukua mzigo pungufu kidogo, na mimi nisingekuwa naandika haya.

Ofisini nilipolisimulia, mzee mmoja akasema ni tamaa. Mwingine akasema ni ujinga wa vijana wasiosoma. Sikubali, na sababu ya kwanza ni kwamba mimi nina digrii na nimewahi kufanya hivyohivyo. Nitafika huko.

Kuna watu duniani wanaoijua vizuri sentensi ya dogo, nao ni wacheza poka. Hapa kwetu poka haina wenyewe wengi. Sisi ni wa last card na albastini, poka tunaiona kwenye sinema na kwenye kasino za wenye nazo. Lakini kule nje ilikuwa homa kamili. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Marekani, anaitwa Chris Moneymaker (ndiyo, ni jina lake halisi, sijalitunga), aliingia mashindano ya dunia ya poka kwa tiketi aliyoishinda kwenye mtandao kwa kiingilio kisichofika dola 100. Akatoka na dola milioni 2.5. Baada ya hapo kila kijana mwenye kompyuta akajiona Moneymaker.

Waliodumu katika mchezo ule ni wachache, na ukiwasoma unashangaa jinsi wanavyozungumzia karata kidogo. Kubwa kwao ni kutupa. Mchezaji mzuri wa poka karata nyingi anazogawiwa anaziweka chini bila kucheza. Anakaa, anatazama wenzake, anasubiri. La pili ni mtaji: haweki mezani ila sehemu ndogo ya pesa yake, ili usiku mmoja mbaya usimmalize. La tatu ndilo la dogo. Wao wanaliita tilti. Umeliwa kwa bahati mbaya, damu inachemka, unaanza kucheza ili urudishe, siyo ili ushinde. Sisi tungesema mtu kapandwa. Mjuzi akijihisi amepandwa anasimama, anaondoka mezani, hata kama anaamini karata inayofuata ni yake. Hasa kama anaamini hivyo.

Kwa nini ni vigumu kusimama? Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza ni mkubwa kuliko raha ya kupata kiasi kilekile, na kwamba mtu akishakuwa kwenye hasara anakubali hatari ambayo asingeikubali akiwa salama. Kahneman akaja kupewa Nobeli ya uchumi mwaka 2002. Mwenzake alikuwa ameshafariki. Hawakuwa wanamzungumzia mjinga. Walimzungumzia binadamu.

Sasa njooni kwenye kindege. Wenye mchezo wenyewe wanatangaza kwamba unarudisha asilimia 97, yaani wao wanabaki na 3. Inasikika kama huruma. Ukiweka elfu moja raundi 200, kwa wastani utaliwa kama elfu sita. Basi laki tatu na nusu iliendaje?

Ilienda kwa kudabo. Nilikaa na dogo kwenye ngazi za duka akanihesabia. Alipofika saa saba akaamua kurudisha arobaini yake taratibu: anaweka elfu 2, akingoja kindege kifike mara mbili. Akiliwa anaweka 4, kisha 8, kisha 16. Akipata, anarudi kwenye 2. Kwa hesabu ile kila mzunguko ukifanikiwa unampa elfu 2, kwa hiyo alihitaji mizunguko 20 bila kukosea. Kuliwa mara saba mfululizo katika mchezo ule ni takriban mara moja katika kila mia. Ni nadra, utasema. Lakini ukiurudia mzunguko huo mara 20 umeshafika karibu na nafasi ya dadu kuangukia sita. Na mara hizo saba, ukijumlisha 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128, ni laki mbili na hamsini na nne elfu. Zilikuja. Akabaki na elfu 56. Akaziweka zote.

Poka na kindege vyote ni kamari, sitaki mtu aje kunambia namtetea mmoja. Ila kuna tofauti inayoniudhi. Kwenye poka unacheza na binadamu wenzako, mwenye meza anachukua ushuru wake, na ukiwa mtulivu kuliko wenzako utulivu wako unakulipa. Kwenye kindege utulivu haukulipi kitu. Hakuna mwenzako wa kumzidi. Mambo mawili yanayomwokoa mcheza poka, kusubiri na kuondoka, ndiyo hasa yaliyobanwa. Raundi ni sekunde chache na inayofuata imeshaanza. Pembeni unaona waliovuna wakivuna. Mezani kuna kiti cha kuinukia. Kitandani utainukia wapi?

Wakongwe wa Kariakoo wanawakumbuka watu wa karata tatu. Ile ilikuwa wizi mtupu, jamaa anachezesha karata zake juu ya boksi, na wale wanaoshinda mbele yako ni wenzake. Lakini angalau ulikuwa umesimama barabarani, mchana, na mama mpita njia anaweza kukuvuta shati akakwambia mwanangu twende. Pia askari akitokea mchezo unaisha. Saa saba usiku hakuna wa kukuvuta shati.

Na mikeka je? Wengi mnajiona wajuzi kwa sababu mpira mnaujua. Fanya hivi: chukua timu kumi "za uhakika", kila moja odi 1.30. Mkeka unalipa karibu mara 14. Tuseme kweli kila timu ina nafasi 72 katika mia ya kushinda. Zote kumi kushinda pamoja ni chini ya mara 4 katika mia. Ukibeti mechi mojamoja, katika kila shilingi 100 zinarudi kama 94. Ukizifunga kumi pamoja zinarudi kama 52. Mkeka mrefu ndio mtamu kwa mwenye duka. Kodi ya ushindi sijaigusa.

Niliahidi kukiri. Miaka miwili iliyopita nililiwa pesa ya kodi ya chumba, miezi mitatu, katika wikiendi moja. Siyo kwa kukosa hesabu. Hesabu hizo hapo juu nilikuwa nazijua zote. Nilimwambia mwenye nyumba mshahara umechelewa, na yule mama akanipikia chai akinionea huruma. Hiyo chai bado inanikaa kooni.

Tena kuna hili: gazeti linalonilipa linaishi kwa matangazo hayohayo. Kurasa za michezo, redio, hata jezi. Mwaka 2017 SportPesa ilikuwa kifuani kwa Simba na Yanga wote wawili, na tulishangilia, maana klabu zilikuwa na njaa. Sisemi zifungwe. Kamari ina sheria yake tangu mwaka 2003, ina Bodi yake, na ukiifukuza barabarani itarudi kichochoroni. Ninachotaka ni kidogo: mchezo wa sekunde ulazimishwe kupumua. Mtu akishaliwa kiasi alichojiwekea mwenyewe mchana akiwa na akili timamu, simu imfungie mpaka asubuhi, na asiweze kuibadilisha usiku. Mcheza poka anajifanyia hivyo mwenyewe kwa miaka ya mazoezi. Dogo wa soksi hana hiyo miaka. Najua mhariri wangu makala haya asingeyagusa, ndiyo maana yako hapa.

Tulipoagana, dogo aliniomba nimkopeshe laki moja aanze upya na soksi tu. Nikatoa simu nimtumie palepale. Akanishika mkono.

"Usitume huko, kaka. Nipe noti."

Jumamosi namletea.