Kesi ya kipigo haifutwi na aliyepigwa

Katika kesi ya jinai ya Tanzania Bara, mke aliyepigwa si mwenye kesi. Hati ya mashtaka husomeka Jamhuri dhidi ya fulani. Jina la mke hutajwa humo kama aliyejeruhiwa, kisha kwenye orodha ya mashahidi. Mitaani imeshikwa imani nyingine: kwamba aliyekwenda polisi ndiye mwenye ufunguo wa mahabusu, na akibembelezwa, au akibanwa vya kutosha, ataifuta kesi mume arudi nyumbani. Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoilipia ni wale wale waliokwisha kupigwa.

Safari huanzia polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto pale lilipo. Huandikwa maelezo, hutolewa fomu ya polisi ya matibabu, PF3, na daktari huijaza baada ya kukagua majeraha. Kuanzia hapo, kushtaki au kuacha ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka na mawakili wa serikali walio chini yake. Neno "nimemsamehe" huweza kuingia kwenye jalada, haliwafungi mikono.

Upo mlango mmoja, ambao wazee wa ukoo huupanua mno. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai huiruhusu mahakama kuhimiza upatanisho, hata kwa fidia, katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya aina hiyo. Anayehimiza ni hakimu, si shangazi wa mshtakiwa. Aliyepofuliwa jicho hayumo kabisa: hilo ni dhara kubwa, na kifungo chake hufika miaka 7. Hata Mahakama ya Mwanzo, ambako mlalamikaji hupeleka lalamiko mwenyewe, kuliondoa hutaka ridhaa ya mahakama.

Mke kwa kawaida halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Kinga hiyo huondoka mume anaposhtakiwa kwa kumdhuru yeye au watoto wao. Sheria ya Ushahidi imesema hivyo waziwazi. Samansi ikimfika, aende. Akila kiapo na kudai aliteleza bafuni, ilhali maelezo yake ya polisi yanasema mengine, anayejiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa ushahidi wa uongo ni yeye. Wanaomsihi "akayamalize" hawamwambii hilo.

Mshtakiwa akitimiza masharti ya dhamana hurudi mtaani, na majirani husema amehonga. Dhamana ni haki yake, haimaanishi ameshinda. Hufuata tarehe za kutajwa, hoja za awali, kisha ushahidi. Mlalamikaji huhojiwa na upande wa utetezi, pengine kwa ukali, na mshtakiwa akiwa hatua chache tu kutoka alipo. Mume akitiwa hatiani, mahakama inaweza kuamuru fidia. Talaka na mgawanyo wa mali havimo humo. Hudaiwa kwa shauri jingine chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, sheria ambayo kifungu chake cha 66 hakimpi mwanandoa yeyote haki ya kumchapa mwenzake.

Ni kweli, kesi hufa shahidi mkuu asipoonekana. Lakini huyo hajafuta chochote. Mara nyingi amenyamazishwa, na kumzuia shahidi asifike mahakamani ni kosa la jinai peke yake. Ndugu wa mume wenye hoja wampelekee mwendesha mashtaka, wamwache aliyepigwa apone.