Rangi ya Trekta na Kifua cha Mwanagenzi

Mwalimu yeyote wa ufundi aliyewahi kuwakabidhi wanagenzi trekta kuukuu anajua kwamba swali la kwanza kuulizwa huwa la rangi. Tena huulizwa visivyo: ni ipi itakayong'aa zaidi?

Chukua Massey Ferguson 135, lenye boneti nyekundu na injini ya kijivu, lililoanza kuundwa Uingereza miaka ya 1960. Mafundi wengi hushawishika kulipaka rangi ya magari, ile ya mikebe miwili inayochanganywa na dawa ya kuigandisha. Sikatai kwamba hung'aa na kustahimili dizeli. Hata hivyo, dawa hiyo aghalabu huwa na isosianati, kemikali ambayo ikipulizwa na kuvutwa puani huweza kuleta pumu inayodumu hata baada ya mtu kuiacha kazi.

Onyo limo mkebeni, kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili mwanagenzi huambiwa avae barakoa, neno ambalo tangu Korona ya mwaka wa 2020 humjia akilini kama kitambaa. Naye hujifunga kitambaa. Kitambaa hakizuii isosianati. Kinachotakiwa ni kifaa kinachomletea mpulizaji hewa safi kwa mpira. Neno moja limebebeshwa vitu viwili, na atakayelipa ni kijana.

Kwa hiyo nashikilia kwamba chuo kisicho na kifaa hicho kitumie rangi ya mafuta ya mkebe mmoja, kwa brashi, tabaka mbili nyembamba. Haitang'aa kama gari la waziri. Trekta halihudhurii harusi.

Kazi hasa hutangulia mkebe kufunguliwa, ingawa twasema "kupiga rangi" kana kwamba pigo ni moja. Grisi isipooshwa kwanza, msasa huisambaza tu, na rangi itabambuka. Kutu ikwanguliwe, kisha rangi ya kuzuia kutu ipakwe siku iyo hiyo. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Basi msasa uloweshwe maji, vumbi lisiruke. Bomba la moshi ladai rangi yake ya kustahimili joto, na kibati chenye nambari kizibwe kwa karatasi, kwani bila nambari hiyo kuagiza vipuri ni taabu.

Walimu wanaoandika maelezo ya karakana na waanze na lile neno barakoa: waseme "kitambaa" panapotosha kitambaa, na "kifaa cha hewa" panapohitajika hewa.