Ati nacheza midoli!

Haya wadau, nimepotea wiki tatu, najua. Lawama zote nazipokea. Kulikuwa na mitihani ya katikati ya muhula, kulikuwa na baridi isiyo na adabu, na kulikuwa na hili jambo ambalo wengi wenu mmeshalisikia na kulicheka vya kutosha.

Kwa ambao hawajui: picha yangu ilisambaa kwenye kundi letu la Waswahili wa huku Indiana. Nimevaa koti nene kama godoro, nimekumbatia ndege ya mbao yenye mabawa ya karibu mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, na pembeni yangu wamesimama wazee watatu wa Kizungu wenye kofia. Mshkaji mmoja akaandika chini yake: "Mwalimu mtarajiwa, kazi kucheza midoli." Vicheko kibao. Halafu dada mmoja ninayemheshimu sana akamalizia kwamba nyumbani hawakuuza ng'ombe ili mimi nije Marekani kurusha tiara.

Nilicheka na mimi. Kisha usiku nikakosa usingizi kwa hasira. Leo najibu, na naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Kwanza, hebu tuelewane kuhusu hapa tulipo. Tunaishi Muncie, mji ambao wengi wetu tunaulalamikia kwamba hauna kitu. Chama cha taifa cha warusha ndege za mfano cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1936, makao yake makuu yako hapa hapa. Wana eneo la ekari kama 1,000, viwanja vya kurushia, na makumbusho ya ndege hizo. Kila kiangazi watu wanasafiri kutoka kila kona ya nchi hii kuja kushindana huku. Sisi tunaoishi hatua chache kutoka pale tunamaliza miaka minne ya digrii bila hata kuchungulia.

Mimi nilichungulia kwa sababu ya lifti. Septemba mwaka jana mzee mmoja tunayesali naye aliniona kituo cha basi, akanipakia, akasema ana kitu anataka kupitia njiani. Mzee huyu alifundisha useremala na uchoraji wa ufundi sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Ananiambia nimwite kwa jina lake la kwanza kama wanavyofanya huku. Mimi siwezi, mtanisamehe, nimelelewa Dodoma. Namwita Mwalimu.

Siku hiyo nikaona ndege za sarakasi za zamani. Zamani maana yake miaka ya 1960 na 1970, wakati watu walikuwa wanabuni wenyewe ndege zao, wanazichora, wanazijenga kwa mbao ya balsa, halafu wanakwenda nazo mashindano ya dunia. Mwaka 1960 Mmarekani Ed Kazmirski alichukua ubingwa wa dunia kule Dübendorf, Uswisi, na ndege yake Orion. Mwaka 1967 Phil Kraft akachukua kule Corsica na Kwik Fli. Mwaka 1977 Hanno Prettner wa Austria akachukua na Curare. Michoro ya ndege hizo bado ipo, na wapo watu kama Mwalimu ambao mpaka leo wanaitandika mezani na kuzijenga upya, ubavu kwa ubavu.

Basi sikilizeni kitu kilichonimaliza. Rimoti za mwanzo za akina Kazmirski hazikuwa kama hizi za leo ambazo ukisogeza kijiti kidogo, usukani unasogea kidogo. Ndani ya ndege kulikuwa na vyuma vyembamba vya urefu tofauti. Rimoti inatuma mlio, na kila chuma kinatikisika kwa mlio wake tu, kinagusa waya, na usukani unakwenda mpaka mwisho. Ukiachia, unarudi katikati. Hakuna kidogo wala nusu. Rubani alikuwa anagonga swichi haraka haraka, tap tap tap, mpaka ndege ichore kitanzi cha duara safi angani. Mwalimu alipokuwa ananieleza nikamkatisha: hiyo ni ilimba! Vyuma vya urefu tofauti, kila kimoja na sauti yake. Mgogo yeyote anakijua kitu hicho tangu yuko mgongoni kwa mama. Ikabidi nimweleze yeye sasa, na nikamchezea video ya ngoma za kwetu hapo hapo gereji. Kwa hiyo msiniambie haya ni mambo ya Wazungu tu.

Sasa nije kwenye ujenzi, maana hapa ndipo ugomvi wangu ulipo.

Leo unaweza kununua ndege ya povu iliyokwisha kujengwa. Inakuja ndani ya boksi, unafunga bawa, unachomeka betri, saa moja baadaye uko uwanjani. Nyingine zina kompyuta ndogo ndani inayoisawazisha ukikosea. Sizichukii, nimezirusha, tamu sana. Lakini wanafunzi wenzangu, ndege hiyo ni desa. Mnajua desa lilivyo. Umepewa na aliyetangulia, hujui lilitoka wapi, unalikariri, unafaulu, na wiki mbili baadaye ukiulizwa swali moja nje ya desa unabaki kukodoa macho.

Mimi na Mwalimu tulianza kujenga Kwik Fli mwezi wa kumi na moja. Unatandika mchoro, juu yake karatasi ya nta ili gundi isishike, unachomeka pini, unakata mbavu za bawa kwa wembe, unapiga msasa, unapima, unapiga msasa tena. Niliweka upande mmoja wa bawa ukiwa umejipinda kidogo sana, milimita chache tu. Nikamwambia Mwalimu mbona hauonekani. Akanijibu: "Hewa itauona." Nikabomoa kazi ya siku mbili. Hakunigombeza, hakunikata alama, na sikuwa na mtu wa kumdanganya.

Na hapa wadau lazima niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Baada ya kidato cha sita nilijitolea kufundisha fizikia kwenye sekondari moja ya kata, miezi sita. Kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya sabini darasani. Siku moja nikafundisha kwa nini ndege inaruka. Nikawapa desa lile lile nililopewa mimi: bawa limevimba juu na ni bapa chini, hewa ya juu ina safari ndefu, kwa hiyo inakimbia ili iwahi kukutana na mwenzake wa chini, basi ndege inapanda. Nikachora ubaoni, wakanakili.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Huyu ndiye aliyekuwa anatengeneza magari ya waya na ndege za mabua ya mtama. Akauliza: "Mwalimu, sasa mbona kwenye sinema kuna ndege zinaruka kichwa chini miguu juu?"

Swali bora kuliko yote niliyoulizwa miezi ile sita. Nikamjibu: "Hilo haliko kwenye mtihani. Kaa chini." Darasa likacheka. Wiki ile ile nikamnyang'anya ndege yake ya mabua kwa sababu aliirusha wakati wa kipindi. Nikaiweka juu ya kabati ofisini, na nilipoondoka niliiacha pale pale.

Haya, rukeni mpaka Oktoba mwaka jana. Mwalimu anarusha ndege yake mbele yangu, anaigeuza kichwa chini, inapita mbele yetu imenyooka kama rula. Ananiuliza, kwa upole kabisa: wewe unasomea ualimu wa fizikia, hebu nieleze kwa nini haianguki. Wadau, nilikaa kimya. Bawa la ndege hizi za sarakasi limevimba sawa sawa juu na chini. Hakuna "safari ndefu" pale. Desa langu lote likaanguka pale uwanjani.

Jibu ni jepesi ukishaliona. Bawa linakutana na hewa kwa pembe, linaisukuma hewa kwenda chini, na hewa inalisukuma bawa kwenda juu. Newton, sheria ya tatu, tunaikariri wote. Ndege ikiwa kichwa chini, rubani anasukuma kijiti mbele kidogo ili pua ibaki juu na pembe ipatikane. Na ile hadithi ya hewa ya juu na ya chini kukutana mwishoni ni uongo. Ukipima, hewa ya juu inafika kabla. Haina miadi na mtu. Yule mtoto alikuwa amelibomoa desa kwa swali moja, na mimi mwenye chaki nikamkalisha.

Sasa niambieni nani alikuwa anacheza midoli? Yule mwenye mabua, au mimi niliyekuwa nachora uongo ubaoni kwa mwandiko mzuri?

Ndiyo maana nimekasirika. Mwaka ule ule wa 1967 ambao Kraft alishinda na Kwik Fli, Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea. Alisema wazi kwamba shule isiwe kiwanda cha kukaririsha watu kwa ajili ya mtihani. Tunaisoma hiyo, tunaiandikia insha, tunapata A. Na nyumbani mtaala mpya umeanza kutumika mwaka 2024, na kuna mkondo wa amali tangu kidato cha kwanza. Vizuri sana. Lakini nani ataufundisha? Ni mimi na wewe, ambao hatujawahi kukata ubao ukanyooka. Tutaandika ubaoni "aina za misumari", wanafunzi watanakili, na amali nayo itakuwa desa. Mtaala haubadiliki mpaka mikono ya mwalimu ibadilike.

Najua hoja zenu, nimezisikia.

Mnasema ni ghali. Nimetumia dola 190 kwa miezi minne: balsa, gundi, plastiki ya kufunikia. Mota, betri na rimoti nimeazimwa. Kuna mtani wangu mmoja aliyecheka sana kwenye kundi, viatu vyake navijua bei. Lakini nakubali, kwa familia nyingi kwetu dola 190 ni pesa ya miezi. Ndiyo maana sisemi tupeleke rimoti Dodoma. Ndege ya mabua ya kurusha kwa mkono inafundisha pembe, inafundisha mahali inapobalansi, na ukiijenga vibaya inakuumbua pale pale. Bei yake ni wembe na gundi. Hata hivyo vifaa mtoto alikuwa navyo tayari. Alichokosa ni mwalimu.

Mnasema kompyuta ina programu za kurushia ndege. Kweli, na nimezitumia, zimeniokolea pesa nyingi. Lakini ukianguka kwenye kompyuta unabonyeza kitufe. Jumamosi ya picha ile nilitua vibaya, gurudumu la mbele likang'oka na kipande cha tumbo la ndege. Nilikaa na gundi mpaka saa tano usiku. Sasa najua mahali pale pa ndege kuliko jina langu.

Mnasema ni mchezo wa wazee. Hii ni kweli na inaniuma. Pale uwanjani mara nyingi mimi ndiye kijana pekee, na Mweusi pekee. Mara ya kwanza kuna aliyenitazama kama nimepotea njia. Lakini wazee hawa wakiondoka na ujuzi wao, hasara ni ya nani? Tunajifunza darasani habari za Vygotsky, kwamba mwanafunzi apewe msaada kidogo tu juu ya anachoweza mwenyewe. Mimi nimeuona kwa macho: rimoti mbili zilizounganishwa, yangu na ya Mwalimu, na kidole chake kiko kwenye swichi. Ananiacha nikosee. Ndege inazama, mimi natetemeka, yeye kimya. Anachukua usukani sekunde ya mwisho kabisa, ananyanyua, ananirudishia: "Tena." Angekuwa mimi wa miaka ile, angenipokonya rimoti na kuiweka juu ya kabati.

Nimeuliza habari za yule kijana. Wanasema hakuendelea na shule, anatengeneza redio na simu sokoni, na ana mikono mizuri. Namba yake ninayo tangu mwezi uliopita. Bado sijapiga. Natafuta namna ya kuanza, maana sijui mwalimu anamwombaje radhi mwanafunzi wake.

Haya. Wale wote mlionicheka, Jumamosi ijayo saa nne asubuhi nitakuwa uwanjani, upepo ukiruhusu. Vaeni makoti. Nitamwomba Mwalimu aigeuze ndege kichwa chini, halafu nitauliza swali moja tu, lile lile la yule kijana. Atakayelijibu bila desa, pilau juu yangu. Na atakayesema haliko kwenye mtihani, huyo atapika.