Kuruta ‘aliyenyooka’ kabla hajavunjika

Kipande chenyewe kinachekesha, hilo lisikataliwe. Sajini mwenye kofia pana anapita katikati ya vitanda vya makuruta akiwashushia matusi mmoja baada ya mwingine, sauti ikiwa juu kama ya king’ora, na halirudii tusi hata moja. Vijana waliosimama wima wanatetemeka. Mmoja, mnene, mwenye uso wa mtoto, anashindwa kujizuia na kutabasamu.

Vipande vya namna hiyo vimezunguka sana mitandaoni, na kijana wa miaka 14 au 15 aliyekaa kwenye kochi na simu anaweza kuwa amekariri matusi mawili matatu bila kujua yametoka kwenye filamu gani. Filamu yenyewe ni “Full Metal Jacket”, iliyotoka mwaka 1987, ikaongozwa na Stanley Kubrick. Jina hilo ni la aina ya risasi iliyovikwa ganda la madini. Ni filamu ya vita vya Vietnam, na imekatwa katikati kama embe: nusu ya kwanza iko kambini Marekani, nusu ya pili iko vitani. Wapenzi wa sinema wamebishana miaka yote hii ni nusu ipi bora. Wengi huchagua ya kwanza.

Kwa mzazi, ubishi huo una maana kuliko unavyoonekana, kwa sababu nusu ya kwanza inahusu jambo ambalo nyumba nyingi zinalijua kwa jina lake: kumnyoosha mtoto.

Kambi ni Parris Island, jimbo la South Carolina, ambako kikosi cha wanamaji wa Marekani hufunza makuruta wake. Filamu inaanza kwa mashine ya kunyoa. Nyuso zinapita, nywele zinaanguka sakafuni, na vijana waliokuwa na sura tofauti wanatoka wakifanana. Baada ya hapo sajini Hartman anawagawia majina mapya. Mmoja anaitwa Joker kwa sababu ya utani wake. Mwingine Cowboy kwa sababu katoka Texas. Yule mnene, ambaye jina lake halisi ni Leonard Lawrence, anapewa jina la Gomer Pyle, mhusika wa vichekesho vya televisheni vya Marekani wa miaka ya 1960, askari mwenye moyo mzuri lakini asiyejua kitu. Kuanzia hapo karibu kambi nzima inasahau kwamba aliwahi kuitwa Leonard. Mzazi ambaye mtoto wake anaitwa “Kibonge” darasani mpaka mwalimu naye akaanza kumwita hivyo, hatahitaji kuelezwa.

Tabasamu la Leonard linamponza. Sajini ananyoosha mkono na kumwamuru aegemeze shingo yake mwenyewe kwenye kiganja ili ajikabe. Siku nyingine anatembezwa nyuma ya wenzake, suruali imeshuka hadi vifundoni, kidole gumba mdomoni kama mtoto mchanga. Watazamaji hucheka. Kubrick alijua watacheka, na hapo ndipo ujanja wa filamu ulipo. Anayeangalia anajikuta upande wa sajini kabla hajajiuliza amefikaje huko.

Sababu moja ya sajini huyo kuaminika ni kwamba aliyemwigiza, R. Lee Ermey, aliwahi kuwa mkufunzi halisi wa makuruta wa wanamaji. Aliajiriwa kwanza kama mshauri tu, akafanya kazi hiyo vizuri mpaka akachukua nafasi ya mwigizaji aliyekuwa amepangiwa. (Mwigizaji huyo, Tim Colceri, akaishia kupewa nafasi ndogo ya askari wa kwenye helikopta, ambayo tutaifikia.) Matusi mengi aliyatoa kichwani mwake mwenyewe. Na kama sauti yake inaonekana kuwa si ngeni nyumbani, ni kwamba watoto wanaijua: ndiye aliyemsemea sajini wa wale wanajeshi wadogo wa plastiki katika “Toy Story” ya mwaka 1995.

Vincent D’Onofrio, aliyecheza kama Leonard, aliongeza karibu kilo 32 kwa ajili ya kazi hiyo.

Katikati ya kelele zote hizo kuna dakika chache za ukimya ambazo hazisambazwi na mtu mitandaoni, nazo ndizo bora kuliko zote za nusu ya kwanza. Joker amekabidhiwa Leonard amfundishe. Anakaa naye chini. Anamwonyesha jinsi ya kufunga kamba za viatu, mkono kwa mkono. Anamfundisha kutandika kitanda, kufungua bunduki na kuiunganisha, kuvuka kikwazo cha juu ambacho Leonard alikuwa akikiogopa. Hakuna anayepiga kelele. Anamwita Leonard. Na Leonard anaelewa! Anafaulu. Kijana aliyedhaniwa hana akili alikuwa anahitaji mtu wa kurudia mara ya pili bila hasira.

Basi linaharibika kwa donati. Sajini anakuta sanduku la Leonard halijafungwa, ndani kuna donati yenye jamu aliyoiiba bwalo la chakula. Safari hii haadhibiwi yeye. Anasimamishwa aile huku wenzake wote wakipiga pushapu mbele yake, na sajini anatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila kosa la Leonard litalipwa na kikosi kizima.

Adhabu ya namna hiyo haikubuniwa kwa ajili ya sinema. Darasa zima kupigishwa magoti kwa kosa la mmoja, bweni zima kunyimwa chakula kwa sababu ya mtoto anayekojoa kitandani: ni njia rahisi kwa mwenye mamlaka, maana kazi ya kuchapa anawaachia watoto wenyewe. Filamu inaonyesha hesabu hiyo inavyofungwa. Usiku mmoja wenzake wanafunga vipande vya sabuni ndani ya taulo, wanambana Leonard kitandani kwa blanketi, wanapita mmoja mmoja wakimpiga. Joker ni wa mwisho. Anasita. Cowboy anamhimiza, naye anapiga, kisha anapiga tena na tena, zaidi kuliko wengine. Halafu anapanda kitandani kwake na kuziba masikio ili asisikie mwenzake akilia. Aliyemfundisha kufunga viatu ndiye huyo huyo.

Kinachofuata ndicho ambacho mzazi anapaswa kukitazama kwa makini, na si rahisi kukiona kwa sababu kinafanana na mafanikio. Leonard ananyooka. Hakosei tena kwata. Bunduki yake inang’aa. Anakuwa mlenga shabaha hodari, na kwa mara ya kwanza sajini anamsifu. Mtu akiingia kambini siku hiyo akaulizwa ni kijana gani aliyebadilika kuwa mzuri, angemwonyesha Leonard. Lakini macho yake yamekufa. Wenzake wakiitikia kwa sauti, mdomo wake haufunguki. Akiwa peke yake anazungumza na bunduki kwa upole, kama anayezungumza na rafiki pekee aliyebaki.

Kila anayefanya kazi na vijana wenye msongo mkubwa wa mawazo anaijua sura hiyo: mtoto aliyekuwa msumbufu anatulia ghafla, anajitenga, uso hauna furaha wala huzuni, na nyumba nzima inashukuru kwamba sasa ana adabu. Fimbo imefanya kazi, watu husema.

Joker anaziona dalili. Wakiwa wanadeki vyoo anamwambia Cowboy kwamba Leonard anaongea na bunduki, kwamba kichwa chake hakiko sawa tena. Cowboy anajibu kwamba hashangai. Mazungumzo yanahamia kwenye mambo ya wanawake. Hakuna anayekwenda kumwambia mtu yeyote, na ukiitazama filamu kwa mara ya pili, sekunde hizo za kudeki zinaumiza kuliko kipigo cha sabuni. Angemwambia nani? Mlango pekee uliopo ni wa sajini, na kila kuruta anajua atakachokutana nacho akiugonga.

Usiku wa mwisho kambini, Leonard anamuua sajini Hartman, kisha anajiua, Joker akiwa amesimama mbele yao. Inatokea ndani ya choo cheupe kisafi chenye mwanga wa bluu. Ni filamu ikiwa haijafika hata nusu ya dakika zake 116.

Wapo wanaodhani Kubrick alitia chumvi. Ukweli ni kwamba Parris Island yenyewe ilikuwa na msiba wake: Aprili 8, 1956, mkufunzi aliwaingiza makuruta wake usiku kwenye mkondo wa maji ili kuwatia adabu, na vijana 6 wakafa maji. Msiba huo uliulazimisha uongozi wa wanamaji kubadilisha usimamizi wa mafunzo. Naye Gustav Hasford, ambaye riwaya yake ya mwaka 1979 ndiyo chanzo cha filamu, alikuwa mwanamaji na alikwenda Vietnam kama mwandishi wa habari wa jeshi, kazi ile ile anayopewa Joker.

Sasa nusu ya pili. Baada ya mlio wa mwisho chooni, picha inaruka moja kwa moja hadi mtaa wa Vietnam wenye jua, pikipiki na msichana anayejiuza. Mtazamaji anahisi kama amebadilishiwa mkanda. Kambini kila kitu kilikuwa kimepangwa: vitanda kwa mistari, miguu kwa mdundo mmoja, adui mmoja anayejulikana, naye ni sajini. Huku hakuna mstari ulionyooka. Wahusika wanaingia na kutoka, hadithi inazurura, na wengi huchoka hapa. Ni kweli kuna sehemu zinazolegea. Mahojiano ya askari mbele ya kamera za televisheni, kwa mfano, yanakwenda mrefu kuliko yanavyostahili.

Lakini hawa ndio wahitimu wa sajini. Yule wa helikopta anafyatua risasi kwa wakulima walio mashambani huku akicheka, na akiulizwa anawezaje kuua wanawake na watoto, anajibu kwa utani kama vile ni swali la hesabu. Joker ameandika kwenye kofia yake ya chuma kwamba amezaliwa kuua, na kifuani amebandika beji ya amani. Kanali anamkaripia: beji hiyo ina maana gani? Kijana anababaika kutafuta jibu la kisomi.

Mapigano makubwa ni ya mji wa Hue, ulioharibiwa vibaya mwaka 1968. Kubrick hakwenda Vietnam. Alipiga picha hizo Uingereza, kwenye kiwanda cha gesi kilichoachwa huko Beckton, mashariki mwa London, akaagiza minazi kutoka Hispania. Labda ndiyo maana anga la Hue linaonekana la kijivu na baridi. Katika magofu hayo mdunguaji mmoja anaangusha askari watatu, mmoja baada ya mwingine, Cowboy akiwa wa mwisho. Wanapompata, ni msichana mdogo mwenye nywele zilizosukwa.

Amejeruhiwa, yuko chini, wanaume wamemzunguka. Anaomba wammalize. Mmoja anataka waondoke wamwache. Joker anabaki akimtazama kwa muda mrefu, kamera ikiwa usoni kwake, kisha anafyatua. Ni huruma? Ni mafunzo yamekamilika? Filamu haijibu, na ndipo nusu mbili zinapokutana: zote zinaishia kwenye chumba ambamo Joker anamwangalia kijana mwenzake anayekufa karibu yake. Mara ya kwanza alishindwa kufanya lolote. Mara ya pili kidole kiko kwenye kifyatulio.

Kwa wanaouliza kama watoto waitazame: Uingereza filamu hii ni ya miaka 18 na kuendelea, na Marekani aliye chini ya miaka 17 haingii sinema bila mtu mzima. Lugha ni chafu mwanzo hadi mwisho, kuna maonyesho ya ukahaba, na tukio la chooni halimfai kijana anayepitia kipindi kigumu, hata awe na miaka 20. Lakini aliyekwisha kuona vipande vya matusi kwenye simu ameona nusu ya nusu tu, ile inayochekesha. Mzazi anayemkuta mwanawe akimwigiza sajini anaweza kuanza kwa kumuuliza kama anajua yule mnene aliitwa nani na mama yake.

Filamu inafungwa usiku. Majengo yanawaka moto na askari wanatembea kama vivuli, wameshika bunduki, wakiimba kwa pamoja wimbo wa kipindi cha watoto cha Mickey Mouse, ambao walikua wakiutazama kwenye televisheni za nyumbani. Wanaujua wote, maneno yote, na miguu yao, kwa mara ya kwanza tangu kambini, inakwenda kwa mdundo mmoja.