UDA Yajua Kushinda, ODM Yajua Kushindwa

Kati ya ODM na UDA, ni chama kipi kilicho hodari zaidi wa mbinu za siasa? Swali hili halikauki katika Soko la Burma, pale Nairobi kando ya Jogoo Road karibu na City Stadium, ambako bucha na vibanda vya nyama choma huwakalisha makanika, madereva wa matatu, makarani na wasukuma mkokoteni kwenye benchi moja. Wengi huwa na jibu kabla swali halijaisha, na jibu hilo mara nyingi hufuata kabila la msemaji. Lingestahili kupimwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa mitaa ya Eastlands inayolizunguka soko hili, Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Maringo, imejaribiwa kila mbinu tangu kabla ya uhuru, na imezilipia.

Msimamo wangu ni huu: UDA ni hodari wa kutafuta kura, na ODM ni hodari wa kutafuta nafasi serikalini baada ya kura kutotosha. Nikilazimishwa kutaja kimoja kilicho mbele leo, nitasema UDA. Ila sababu za kusema hivyo hazimpi mchuuzi wa Burma furaha yoyote.

Ushahidi ulio karibu zaidi ni kinyang'anyiro cha ugavana wa Nairobi mwaka 2022. Mapema mwaka huo Tim Wanyonyi wa ODM, mbunge wa Westlands, alikuwa amekwisha kujitangaza na kuanza kuzunguka mitaani akiomba kura. Nairobi ilikuwa ngome ya kiongozi wa ODM, Raila Odinga, na wengi waliona tiketi hiyo ni ya ODM bila ubishi. Wakubwa wa muungano wake wa Azimio wakapiga hesabu nyingine. Jubilee ya Rais Uhuru Kenyatta ilikuwa inamuunga mkono Raila kwa urais na ilihitaji kutuzwa kitu kikubwa. Kitu hicho kikawa kiti cha Nairobi. Wanyonyi akaombwa ajiondoe, akarudi kutetea Westlands, na Polycarp Igathe wa Jubilee akasimamishwa. Mwanachama wa ODM aliyekuwa na kadi yake Kaloleni hakuulizwa chochote.

UDA nayo haikuwauliza watu wake. Askofu Margaret Wanjiru alikuwa amejiandaa kwa ugavana, akageuziwa njia kuelekea useneta, na tiketi akapewa Johnson Sakaja, aliyekuwa katika ANC ya Musalia Mudavadi. Milango ilifungwa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa katika hesabu iliyofanywa ndani. ODM ilitoa kiti ili kumfurahisha mshirika aliye juu. UDA ilijiuliza ni mgombea gani anayeweza kuingia katika nyumba ya mpinzani na kutoka na kura. Ilijua kwamba wafuasi wake wa kawaida hawatoshi kuiteka Nairobi. Ikamchukua kijana wa mjini, Mluhya, aliyejulikana tangu alipokuwa mwenyekiti wa chama cha TNA, wakati huohuo Waluhya wengi wa Eastlands wakiwa bado na uchungu kwa jinsi Wanyonyi alivyosukumwa kando.

Tarehe 9 Agosti 2022 karatasi zikaongea. Raila aliishinda Nairobi katika kura za urais kwa tofauti ya zaidi ya kura laki mbili. Edwin Sifuna wa ODM akawa seneta, Esther Passaris wa ODM akabaki mwakilishi wa wanawake. Lakini kiti chenye bajeti, kinachosimamia masoko, taka, leseni na askari wa kaunti, kilienda UDA: Sakaja alipata karibu kura 700,000 na Igathe kama 573,000. Maelfu kwa maelfu ya watu walimpigia Raila kwenye karatasi moja na Sakaja kwenye nyingine. Wapigakura hao hawakuchanganyikiwa. Walikataa kuhamishwa kama mzigo kutoka chama kimoja hadi kingine, na UDA ndiyo iliyokuwa imekisoma kinyongo hicho mapema.

Kitaifa, kazi ya UDA ilikuwa ya aina hiyohiyo. Chama kilichokuwa kikiitwa Party of Development and Reforms kilibadilishwa jina, na kufikia mwanzo wa 2021 kikawa UDA, chama cha wilbaro. Nembo haikuwa pambo. Kwa vizazi siasa zetu zilimtambua mpigakura kwa kabila lake kwanza. Kiongozi wa UDA, William Ruto, akamtambua kwa kazi yake: mama mboga, mtu wa boda, msukuma mkokoteni, kinyozi. Raila naye alikuwa na ahadi ya kweli kwa maskini, shilingi 6,000 kwa mwezi kwa familia milioni 2 zisizojiweza. Nadhani hapa ndipo ODM ilipoteza vita vya maneno. Muuza matumbo wa Burma hajioni maskini wa kupewa msaada. Anajiona mfanyabiashara aliyekosa mtaji. Mmoja alimwahidi posho, mwingine akamwahidi mtaji, na ahadi ya mtaji ndiyo iliyomheshimu.

Kwamba ahadi hiyo ilipotimizwa ilikuwa ndogo ni habari nyingine. Hazina ya Hasla ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 kwa mikopo ya kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Shilingi 500 hazinunui hata mzigo wa asubuhi wa nyama. Kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha ushuru wa VAT kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na nauli na bei ya mzigo zikapanda pamoja nayo. Mbinu ya kuomba kura ilikuwa imemwelewa mchuuzi. Mbinu ya kukusanya kodi ilimsahau.

Sasa ODM. Chama hiki kilizaliwa katika kura ya maamuzi ya 2005 kuhusu rasimu ya katiba, upande wa chungwa ulipoishinda ndizi ya serikali. Tangu hapo mgombea wake wa urais hajawahi kuapishwa na Jaji Mkuu: 2007, ambayo matokeo yake yalizua umwagaji damu, 2013, 2017 na 2022. Hata hivyo, hesabu miaka ambayo ODM imekula au kuonja serikali. Mkataba wa Februari 28, 2008, uliosimamiwa na Kofi Annan, ulimfanya Raila kuwa waziri mkuu chini ya Rais Mwai Kibaki katika serikali ya nusu mkate. Machi 9, 2018, baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha uchaguzi wa Agosti na Raila kususia ule wa marudio, alisalimiana na Uhuru kwenye ngazi za Harambee House. Julai 2024, John Mbadi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi waliteuliwa katika baraza la mawaziri la Ruto. Sijui chama kingine Afrika Mashariki kilichoshindwa mara nyingi hivyo na bado kikabaki mezani. Huo ni ustadi, na anayeukejeli hajaelewa siasa ya nchi ambamo mshindi huchukua kila kitu.

Lakini tazama kilicholetwa na kila mapatano. Ya 2008 yalizaa Katiba ya 2010, na katiba hiyo ikaleta kaunti, hata Burma leo ina gavana na mwakilishi wadi wa kulaumiwa. Ya 2018 yalituliza nchi, lakini mradi wake mkubwa, mageuzi ya katiba ya BBI, ulizikwa na Mahakama ya Juu Machi 31, 2022. Ya 2024 yalileta vyeo. Faida ya mwananchi imepungua kila mara, huku silaha iliyotumika ikibaki ileile: vijana barabarani. Vijana hao hutoka wapi? Hutoka Kibera na Mathare, hutoka Kaloleni na Makongeni. Wao ndio waliokimbia moshi wa vitoa machozi Jogoo Road. Mwaka 2024 hata hawakuitwa na chama. Walitoka wenyewe kupinga Mswada wa Fedha, wakaingia Bunge Juni 25, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu vifo kama 60. Wiki chache baadaye ODM ilikuwa serikalini. Wafiwa hawakumtuma mtu kuomba wizara.

Vyama hivi viwili husemwa kana kwamba ni mafuta na maji, ilhali walimu wao ni walewale. Ruto alianza katika YK'92, kundi la vijana lililomfanyia Rais Daniel arap Moi kampeni, na baadaye akawa katibu mkuu wa KANU, chama cha Moi. Raila, aliyefungwa na Moi kwa miaka mingi bila kuhukumiwa, naye alikuwa katibu mkuu wa KANU kwa miezi kadhaa mwaka 2002 kabla ya kutoka na kundi lake na kutamka "Kibaki Tosha". Wote wawili walisoma somo moja kutoka kwa Moi: usimshinde mpinzani, mgawanye. Uwanja wa Kamukunji hauko mbali na Burma. Hapo ndipo FORD, kundi la upinzani, ilipotaka kukutana Novemba 1991, ikiwa na nguvu za kutosha kuiangusha KANU. Kufikia uchaguzi wa Desemba 1992 FORD ilikuwa imepasuka vipande viwili, Jaramogi Odinga upande mmoja na Kenneth Matiba upande mwingine, Mwai Kibaki naye akiwa na chama chake. Moi alishinda kwa asilimia 36 tu za kura. Zaidi ya asilimia 60 walimkataa, na akatawala miaka mingine 10.

Ruto ameutumia ustadi huo vizuri kuliko mwanafunzi mwingine yeyote. Alipobanwa na vijana 2024 alivunja baraza la mawaziri, akamkaribisha mpinzani ndani, na kufikia Oktoba 17 naibu wake Rigathi Gachagua alikuwa ameng'olewa na Seneti. Mlima Kenya uliokuwa umempa ushindi wa kura 233,211 dhidi ya Raila ukapasuka, na pengo likajazwa na ngome za ODM. Machi 7, 2025 vyama hivyo vilitia saini mkataba wa ajenda 10 katika KICC, ukiwa na ahadi za kulipa fidia waathiriwa wa maandamano. Mambo haya Nairobi iliyaona kwa macho yake Septemba 2025: wawakilishi wadi walipojiandaa kumwondoa Sakaja, wakilalamikia pesa za maendeleo ya wadi na za basari, Raila aliwaita wa ODM, Ruto akawaita wa UDA, na hoja ikasimamishwa. Gavana ambaye ODM ilimpinga debeni aliokolewa na ODM. Mwenye kibanda aliyekuwa akisubiri mtaro uzibuliwe hakupata mtetezi katika chama chochote kati ya hivyo viwili.

Oktoba 15, 2025 Raila akafariki nchini India, akazikwa Bondo. Ndugu yake Oburu Oginga akachukua uongozi wa chama. Kifo hicho kimefichua jambo ambalo wengi hatukutaka kulisema akiwa hai: ustadi wa ODM wa kujadiliana ulikuwa wa mtu mmoja. Yeye ndiye aliyeweza kuzijaza barabara watu leo na kuwaondoa kesho, na kwa hiyo kila rais alilazimika kumsikiliza. Chama hakikujenga nguvu hiyo katika matawi yake. Hii ndiyo sababu ninaipa UDA nafasi ya kwanza kwa sasa. Inaongozwa na mtu aliye hai, yuko Ikulu, na amekiweka chama cha mpinzani wake mkuu ndani ya serikali bila kukipa kiti cha waziri mkuu kama alivyolazimika Kibaki. Udhaifu wa UDA ni uleule, ila haujafichuka bado. Mwondoe Ruto, na sijui ni nini kitakachobaki cha wilbaro.

Eastlands iliwahi kuona ustadi wa namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Tom Mboya alijenga chama cha Nairobi, People's Convention Party, chenye matawi mitaani, wahamasishaji wa kila mtaa na gazeti lake, *Uhuru*. Uchaguzi wa 1961 ulipofika aliwania Nairobi Mashariki, ambako wengi wa wapigakura walikuwa Wakikuyu, dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki. Mjaluo huyo alipata zaidi ya kura 31,000, mpinzani wake akapata chini ya 3,000. Hakuna hesabu ya vinara iliyompa ushindi huo. Alipewa na watu waliokuwa wamemfanyia kazi chamani, wakamwona akiwafanyia kazi katika vyama vya wafanyakazi, na wakamhukumu kwa hilo. Alipouawa Julai 5, 1969, KANU ilikuwa imekwisha kuyaacha matawi ya namna hiyo yafe, na hakuna chama kilichoyafufua kikamilifu tangu hapo.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Tayari vinara wanahesabu: ODM ipewe viti gani, UDA isisimamishe mgombea wapi, nani aachiwe Nairobi. Ikiwa una kadi ya chama, chochote kile, nenda ofisini kwake sasa, kabla tiketi hazijagawanywa, udai mchujo wa kweli katika wadi yako, kuanzia kiti cha mwakilishi wadi hadi cha gavana. Wakikataa, una karatasi 6 za kura siku hiyo, na Nairobi ilionyesha 2022 kwamba si lazima zote ziende kwa chama kimoja.