Fundo Lisilotiwa Mate

Katika tungo za mapenzi zinazotungwa visiwani, fundo limekuwa mtumishi asiye ujira. Mtunzi akitaka kula kiapo, hufunga fundo; akitaka kununa, huliweka moyoni; akipungukiwa na kina cha kwenda sambamba na "upendo" na "vitendo", fundo huitwa, nalo huja. Yote hayo ni halali. Lisilo halali ni ule wasia unaorudiwa beti kwa beti kwamba fundo hudumu kwa kukazwa kwa nguvu na kwa haraka. Mvuvi akiusikia hucheka.

Fundo la ndoana, lile la mwanzo analofunzwa mtoto, hufungwa hivi. Ncha ya mshipi hupenyezwa katika tundu la ndoana, ikatolewa kiasi cha shibiri. Hurudishwa ikauzunguka mshipi wenyewe mara tano au sita, kisha ikaingizwa katika kijitanzi kilichobaki karibu na tundu, na mwisho ikapitishwa ndani ya kitanzi kikubwa kilichozuka. Kabla ya kukazwa, fundo hutiwa mate. Nailoni ikivutwa kavu hujisugua, hupata joto, na joto hilo huila. Fundo litaonekana limekaa vizuri, tena la kupendeza, kumbe limekwisha kuugua. Siku ya kolekole mkubwa mshipi haukatiki katikati, hukatika fundoni. Uzi wa pamba ulikuwa na msamaha, kwani ulijishika kwa ukavu wake. Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935, ni telezi na haina huruma.

Basi mtunzi anayemwambia mpenzi "kaza, usingoje" anamfundisha namna ya kuachwa.

Watetezi wake watasema kwamba mshairi si mvuvi, na kwamba kijana wa Mlandege amekulia baina ya maduka; bahari aijulie wapi? Hoja hii ni dhaifu, na kwa Mlandege ni dhaifu zaidi. Mtaa huo uko upande wa Ng'ambo, na baina ya Ng'ambo na Mji Mkongwe palikuwa na hori la maji ya bahari, likajaa na kupwa, hadi lilipofukiwa wakati wa utawala wa Waingereza. Darajani hapakuitwa hivyo kwa mapambo. Na hata leo, kutoka Mlandege hadi diko la Malindi ni mwendo mfupi kwa miguu. Asiyekwenda hakuzuiwa na umbali.

Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mvuvi na baharia kabla jina lake halijajulikana vitabuni. Diwani yake ya *Kimbunga* ilichapishwa mwaka 1994. Haidaiwi hapa kwamba kila mtunzi apande ngalawa kama yeye. Hilo lingekuwa upuuzi, na nusu ya washairi wangetapika kabla ya kufika Chapwani. Linalodaiwa ni dogo zaidi: anayeazima neno la mvuvi amuulize mvuvi linafanya kazi gani. Shibiri mbili za mshipi na ndoana moja hazina gharama kubwa, na mate kila mtunzi anayo, tena mengi, kama zinavyoshuhudia dibaji za diwani zao.