Nilipotoka mitandaoni, waliuliza kama nimekamatwa

Wiki ya pili baada ya kufunga akaunti zangu, rafiki alinipigia simu saa nne usiku. Hakuanza na salamu. "Buda, uko wapi? Wamekuchukua?" Nikamwambia niko kwangu Umoja, nasonga ugali. Akanyamaza kidogo, kisha akanigombeza kana kwamba nimemwibia.

Simlaumu. Katika Kenya ya leo, kijana mwandishi akinyamaza mtandaoni, hakuna anayefikiria kwamba amepumzika. Mwishoni mwa 2024 vijana kadhaa waliokuwa wakiikosoa serikali mitandaoni walitoweka, akiwemo mchoraji vibonzo Gideon Kibet, yule tuliyemjua kama Kibet Bull, kabla ya kuachiliwa Januari 2025. Miezi mitano baadaye, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa kuhusu posti kwenye X, akafia mikononi mwa polisi hapa Nairobi.

Kwa hivyo swali ninaloulizwa zaidi tangu Januari si "unajisikiaje?" Ni "unawaachia nani?" Ni swali la haki. Wacha nilijibu.

Kwanza nikiri: mimi ni mtoto wa mtandao. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo karibu kila shilingi niliyopata ilitokana na kuandika kwa simu. Hakuna aliyeniuliza cheti. Waliuliza nina wafuasi wangapi.

Halafu ikaja Mei 2024. Baada ya mafuriko, tingatinga zilikuwa zikibomoa nyumba za kando ya mto Mathare. Nilienda. Nikaongea na mama mmoja muuza mandazi kwa kama dakika kumi, nikapiga picha ya mlango wake uliobaki umesimama bila nyumba, nikaruka ndani ya matatu. Kabla nifike tao, nilikuwa nimeshaposti msururu wa posti kumi na mbili. Niliandika kwamba alionywa ahame akakataa. Nilidhani namsifu: mama shujaa asiyetikisika. Jioni hiyo simu ililia hadi betri ikaisha.

Wengine walimlilia. Wengine wengi walimtukana: aliambiwa ahame akakaidi, sasa analilia nini?

Mwishoni mwa mwaka jana nilikutana naye tena. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kijana, nani alikwambia nilikataa?" Hakuna aliyemwonya. Alikuwa amelipa kodi siku mbili kabla, na mwenye nyumba alipokea pesa bila kusema neno. Matusi yote yale mwanawe aliyasoma kwenye simu ya jirani.

Nilifuta posti zile usiku uo huo. Lakini unafuta nini, wakati picha zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu usiowajua?

Kosa ni langu, sitalitupia kompyuta. Lakini tuiangalie pia mashine niliyokuwa nikiifanyia kazi. Mitandao hii huuza muda wa macho yetu kwa watangazaji. Kwa hivyo husukuma mbele kile kinachotukwamisha hapo, na hakuna kinachomkwamisha mtu kama hasira. Anayeandika mara nane kwa siku huonekana; anayeandika mara moja kwa mwezi husahaulika. Kuna kitufe cha kupenda na cha kusambaza. Hakuna kitufe cha "ngoja nirudi nikamuulize tena".

Mtu ataniambia: na Juni 2024 je? Hapo nakubali, tena kwa mikono miwili. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulisomwa, ukafafanuliwa na kutafsiriwa kwa lugha zetu kwenye TikTok na X na vijana waliokuwa na bando tu. Juni 25 watu walijaa barabarani, wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akasema hatautia saini. Kitabu cha kuandikwa miaka mitano kisingefanya kazi hiyo.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mtandao ndiyo mbiu yetu, na sitaki ivunjwe. Shida ni kwamba tumeipuliza asubuhi, mchana na usiku: kwa mswada, kwa ndoa ya msanii iliyovunjika, kwa chapati iliyopanda bei. Mbiu ikilia kutwa, watu huzoea. Tena mbiu huita watu barazani tu. Pale barazani lazima awepo mtu aliyekaa, akasikiliza, akaandika nani alisema nini na nani alidanganya. Kazi hiyo haiendi kwa mwendo wa matatu. Ndiyo niliyoifuata. Sijawaachia wenzangu mbiu kwa sababu nimechoka nao. Nimehamia upande wenye viti vitupu.

Hakuna jipya hapa. Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani, kati ya 1969 na 1972, na hadi leo tunayasoma. Simtakii mtu jela ili apate utulivu. Nasema tu kwamba maneno yale hayakuhitaji kuvuma wiki hiyo. Yvonne Adhiambo Owuor alishinda Tuzo ya Caine 2003, na riwaya yake Dust ikatoka miaka kama kumi baadaye. Siku hizi mwandishi akikaa siku kumi bila kuposti anaambiwa amefifia.

Sasa tuongee chapaa, kwa sababu makala mengi ya "nimeacha simu, nimepata amani" huruka hapo. Haraka haraka haina baraka, lakini kodi ya nyumba haingoji. Nilipokuwa mtandaoni, posti moja ya tangazo ilinipa Sh3,000, na mwezi mzuri nilipata nne au tano. Hizo zimekwenda. Sasa nashinda kwenye saiba moja mtaani, nachapa barua za kuomba kazi na kuwasaidia watu kujaza fomu za KRA na eCitizen. Naandika saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda. Jumamosi naenda maktaba ya Kaloleni, ambako hakuna anayekuuliza umesomea wapi. Nimehama chumba kikubwa nikaingia kidogo. Sina mtoto. Ningekuwa naye, pengine ningekuwa bado naposti.

Kwa hivyo sitamwambia mtu yeyote afute akaunti. Kwenda polepole kuna bei, na nchini hapa bei hiyo hulipwa na mwandishi peke yake. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa zuio wa asilimia 5 kwenye malipo ya waundaji wa maudhui mtandaoni, yaani serikali inajua kabisa kwamba hii ni kazi. Basi itendewe kama kazi. Mhariri anayetaka habari ya kina alipe nauli ya kurudi mara ya pili na ya tatu. Mchapishaji asome kurasa zangu kabla ya kuniuliza idadi ya wafuasi. Kaunti zifungue maktaba mitaani, si katikati ya jiji tu. Bila hayo, wanaoweza kuandika polepole watabaki watoto wa matajiri, na habari za Mathare zitaendelea kuandikwa ndani ya matatu.

Australia imeshawafungia watoto wa chini ya miaka 16 akaunti za mitandao tangu Desemba 2025. Mimi nina 26. Hakuna sheria itakayokilinda kidole changu dhidi yangu mwenyewe. Kwa hivyo nimejiwekea moja: sichapishi habari ya mtu kabla hajaisikia.

Ndiyo sababu Jumamosi nne zilizopita, kabla ya maktaba, nimepitia kwa yule mama. Anauza mandazi kwingine sasa. Namsomea nilichoandika huku akikoroga uji. Jumamosi ya kwanza alinikatiza mara sita. Ya pili mara nne. Juzi nilisoma hadi mwisho, hakusema kitu, nikadhani nimepita. Akafunika sufuria, akanitazama.

"Ule mlango," akasema. "Ulikuwa wa bluu. Niliupaka mwenyewe. Hujaandika."

Nimerudi kuandika.